Mzee Ojwang' na Yule Mwingine

Benson Wanjau alianza kuzeeka mbele ya kamera kabla uzee wenyewe haujambishia hodi. Alijipaka weupe kichwani na ndevuni, akaishika lafudhi ya Kijaluo, akawa Mzee Ojwang' Hatari, na Kenya nzima ikaamini. Alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, aliyeigiza kama mkewe, Mama Kayai, ni Mluhya. Hawakuwa mke na mume, ingawa wapo watakaokubishia hata leo hadi chai ipoe.

Alipofariki Julai 2015, nilizisoma tanzia huku nikijiuliza tunamlilia nani hasa. Ojwang' hakuwahi kuzaliwa, basi angekufaje? Aliyekufa ni Wanjau, na Wanjau tulikuwa hatumjui. Jina lake halisi lingeandikwa peke yake, wengi wetu tungelipita bila kuinua macho.

Tulimjua kupitia kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, enzi ambazo runinga ilikuwa Sauti ya Kenya na hapakuwa na pengine pa kuhamia. Jina hilo lilibadilika kuwa KBC mwaka 1989, na mwaka uliofuata kituo kingine, KTN, kikaingia. Kijijini ungekuta seti ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari. Watoto sakafuni, wazee vitini, majirani dirishani. Nyumba nyingine runinga ilikuwa ndani ya kabati lenye kufuli, na mwenye ufunguo huo aliheshimiwa kuliko chifu. Betri ikikaribia kuisha, picha ilijikunja kutoka pembeni, Ojwang' akazidi kuwa mdogo, nasi tukazidi kusogea, hadi ikabaki sauti tu. Tuliendelea kuicheka.

Sitaki kuzipaka sukari siku hizo. Runinga hiyo hiyo ilikuwa ya serikali, na taarifa ya habari ya saa moja ilianza na Mtukufu Rais: alikokwenda, alichokifungua, alichokionya. Wapo waliokuwa kizuizini wakati sisi tunashika mbavu. Vitimbi kiliwacheka waume wakaidi na watu wenye tamaa. Wenye nchi hakikuwagusa. Kwa hiyo nikiitamani jioni ile nafsi hunisuta, na bado naitamani.

Siku hizi wapo wanaosema kuchekesha kwa lafudhi ya kabila la wengine ni dhihaka. Mara nyingi ni kweli. Kuna vichekesho ambavyo ukiiondoa lafudhi hakibaki kitu. Kwa Wanjau kilibaki: ukaidi wa mzee anayejua fika kwamba mkewe ameshamshinda, lakini hawezi kukiri mbele ya wageni. Mzee huyo yumo katika kila kabila, na nadhani ndiyo sababu watu hawakuhangaika kuuliza mwigizaji ametoka wapi.

Kinachonichoma zaidi ni macho yake. Miaka michache kabla ya kifo yalikuwa yamefifia, na wananchi wakalazimika kuchanga fedha ili atibiwe. Nchi iliyomtazama kwa miongo kadhaa ilishtuka kugundua kwamba yeye hawezi tena kuitazama. Watu walitoa kwa moyo, hilo siwanyimi. Lakini mtu aliyeingia kila sebule hakustahili kusubiri mchango ili aone. Uzee aliouigiza ulikuwa umemfikia, na safari hii weupe haukuhitaji kupakwa.

Mwaka huo huo wa kifo chake, mitambo ya runinga ya analojia ilizimwa, antena zikabaki mapaani kunguru wazitulie. Vipande vya Vitimbi sasa vimo kwenye simu, rangi zimechujuka, sauti inakwaruza. Huwa navifungua kwa nia ya kumtafuta Wanjau: nimwone mtu mwenyewe, anavyovuta pumzi kabla ya kusema, anavyomsubiri Mama Kayai amalize. Sifiki mbali. Ojwang' anafungua mdomo, nami nimeshaanza kucheka.