KABLA HUJAMTAJA JIRANI, FUNGUA BONETI



Ndugu yangu katika imani, leo nina neno na wewe mwenye gari. Na wewe usiye na gari usiondoke, kwa sababu tunalolizungumza hapa ni ulimi wako na jirani yako.

Umeliacha gari limepaki wiki tatu, nne. Ulisafiri, au uliumwa, au pesa ya mafuta haikuwepo. Siku unayolihitaji unawasha: kimya. Unafungua boneti, unakuta waya zimekatwakatwa, na pembeni kuna vitu vya kutisha: kitambaa chekundu, nywele, mfupa wa kuku, nyuzi zimesokotana. Hapo hapo moyo unakwambia, "Nimetupiwa kitu." Na kabla hujafunga boneti, jina la mtu limeshakujia.

Subiri, ndugu yangu. Hilo jina usilitaje.

Mjue kwanza panya. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo lazima atafune ayapunguze. Anatafuna mbao, sabuni, bomba la plastiki, na waya za gari lako pia. Gari lililosimama kwake ni nyumba: lina giza, lina kona, halina mvua wala paka. Likiwa limezimwa sasa hivi, lina na joto. Akishaingia anajenga kiota, na kiota cha panya hujengwa kwa chochote anachookota: vitambaa, nywele, karatasi. Na chakula anakileta humo humo. Ule mfupa uliokutisha huenda umetoka kwenye ndoo ya taka ya jikoni kwako.

Na usidhani ni jambo la mtaani kwenu tu. Ujerumani kuna mnyama mdogo mwembamba, umbo lake kama nguchiro, wenyewe humwita Marder. Huingia kwenye injini usiku na kung'ata waya na mipira, mpaka kampuni za bima huko zina kipengele cha hasara anayoisababisha. Marekani, katika hifadhi ya Sequoia kule California, eneo la Mineral King, kuna mnyama wa jamii ya kindi aitwaye marmot. Huyo hutafuna mipira na waya za magari ya wageni, na wageni huyafunga magari yao kwa maturubai kuanzia chini ili asipite. Sasa niambie, ndugu yangu: jirani yako unayemshuku, na Ujerumani amefika?

Simkatalii mtu kwamba uchawi na husuda vipo. Vipo, na Sura Al-Falaq tunaisoma asubuhi na jioni. Ninachosema ni kwamba kuamini uchawi upo ni jambo moja, na kumwambia fulani bin fulani kuwa ni mchawi ni jambo jingine. Hilo la pili linahitaji ushahidi, na waya iliyokatika si ushahidi.

Msikitini kwetu mzee mmoja alirudi kutoka Hijja akakuta gari lake haliwaki. Akaja kwangu: "Sheikh, njoo unisomee gari, nimefanyiwa." Nikamuuliza na nani. Akamtaja jirani yake, waliyewahi kugombana kwa sababu ya maji machafu. Kumbe wiki mbili nzima alikuwa hajibu salamu yake. Na mlinzi wake, kijana wa watu, alikuwa amezuiliwa mshahara wa mwezi kwa madai kwamba ndiye aliyemfungulia adui geti.

Nikamwambia, "Alhaji, Qur'ani nitasoma, ni baraka. Lakini kwanza tumwite fundi umeme."

Fundi akaja na tochi. Akatuonyesha mavi ya panya juu ya betri, alama za meno kwenye waya, na kiota nyuma ya kisafisha hewa. Kisha akauliza, "Mzee, hii ni nini?" Hatua mbili kutoka gari lilipopaki kulikuwa na gunia la pumba za kuku, limetobolewa chini. Gunia la Alhaji mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Waya zilitengenezwa siku ile ile. Kilichokuwa kigumu ni jirani. Baada ya Isha nilimsindikiza, akabisha hodi, akaanza yeye kutoa salamu. Jirani akamwambia, "Mimi nilidhani umerudi Alhaji, sisi wengine hutufai tena." Lile neno lilimuumiza mzee kuliko bei ya waya. Mlinzi alilipwa usiku ule.

Ndugu yangu, hesabu panya alikula nini pale. Waya tu. Undugu na mshahara wa masikini vililiwa na dhana. Allah ametukataza katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12, kuifuata dhana kwa wingi, kwa sababu baadhi yake ni dhambi. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Mzee yule alikuwa na wiki mbili.

Sasa tazama mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) yalivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, aliwaamrisha masahaba wazime taa wanapolala, na akawaeleza sababu: huenda panya akauvuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Miaka zaidi ya 1,400 iliyopita, Mtume anayeteremshiwa wahyi anawaambia watu wake: panya, utambi, moto. Na dawa aliyowapa ilikuwa ya mkono: zima taa. Leo utambi umekuwa waya, na dawa bado ni ya mkono.

Basi fanya haya.

Kwanza, usihifadhi chakula, pumba wala taka karibu na gari. Hata makombo ndani ya gari yafagie.

Pili, gari usiliache likae sana. Liwashe, lisogeze, fungua boneti utazame. Ukisafiri, mwachie mtu kazi hiyo.

Tatu, panya ni katika wanyama watano ambao Mtume (s.a.w.) ameruhusu kuuawa hata katika Haram. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Usimchome moto, usimwache siku mbili amenasa kwenye gundi. Na sumu iogope, kwa sababu paka akimla panya mwenye sumu, naye anaweza kufa.

Nne, kabla ya kuwasha, gonga boneti. Paka naye hupenda joto la injini. Kugonga ni sekunde moja, na ni huruma unayoandikiwa.

Tano, uliyemwachia gari kama amana, ikiwa hakufanya uzembe, halipi hasara ya panya. Usimkate mshahara. Allah amesema katika hadithi qudsi kwamba Siku ya Kiyama atakuwa hasimu wa mtu aliyemtumia mfanyakazi kisha asimpe ujira wake. Nani anataka hasimu huyo kwa ajili ya waya?

Sita, usiende kwa mganga akutajie aliyekufanyia. Anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Na mganga hawezi kukwambia ni panya, maana panya halipiwi kafara.

Ukishafanya yote, tawakali. Na kama kuna mtu umemnunia kwa jambo ambalo hukuliona kwa macho yako, leo kabla hujalala mpe salamu. Usingoje aanze yeye.

Ewe Mola wetu, tusafishie nyoyo zetu dhidi ya ndugu zetu, tuhifadhie mali zetu, na utulinde na shari za ndimi zetu. Aamiin.

Mfikishie mwenzako huenda likamfaa.

Wabillaahi tawfiiq.