Pigo la Mfa Maji

Neno lililotugombanisha bwenini kwetu hapa Gitega muhula uliopita lilikuwa neno moja tu la Kifaransa, nalo ni Lutte. Chumbani tuko watu kumi na wawili, na kati yetu tunayo mashine moja ya kuchezea, aina ya Game Boy, ambayo ilikuwa kuukuu hata kabla hatujazaliwa, pamoja na kaseti moja ya Pokémon, chapa Nyekundu. Wanafunzi wa zamani ambao hawakupata kuuona mchezo huu watanipa ruhusa nieleze kidogo, na wanaoujua wanisubiri.

Mchezo ulitoka kwanza Japani tarehe 27 Februari 1996. Mchezaji huzunguka nchi akikamata mazimwi madogo, huyafundisha, kisha huyashindanisha na mazimwi ya watu wengine. Kila zimwi laweza kushika mapigo manne tu, wala si zaidi, na kila pigo limewekewa idadi yake. Pigo la kumvamia adui kwa mwili latumika mara 35. Lile pigo kubwa la moto, ambalo kila mtu hulitamani, ni mara 5 tu. Idadi ikiisha, basi, mpaka zimwi lipelekwe kupumzishwa.

Sasa, je, mapigo yote manne yakiisha katikati ya vita? Hapo ndipo Lutte linapotokea. Hakuna zimwi linalofundishwa pigo hili, wala halimo katika orodha yake. Huja lenyewe. Zimwi lisilobaki na kitu hujitupa juu ya adui, likamwumiza kidogo, na lenyewe likaumia. Katika kaseti yetu huumia kwa nusu ya maumivu liliyomtia adui. Katika michezo iliyotoka tangu mwaka 2006 sheria ni kali zaidi: kila pigo humwondolea mpigaji robo ya uhai wake wote, hata kama adui amekwaruzwa tu.

Mwenzetu mmoja atokaye Ruyigi, ambaye ni hodari wa Kifaransa kuliko sisi sote, alisema ya kuwa kwa Kiswahili lazima tuliite Mieleka, kwa sababu ndiyo maana ya neno lile kamusini. Mimi nalikataa. Mtu wa mieleka ana nguvu, tena huchagua mahali pa kumshika mwenzake. Huyu hachagui kitu. Nikasema ni Kutapatapa, kama wazee walivyonena ya kuwa mfa maji haachi kutapatapa. Tena Wajapani wenyewe huliita Waruagaki, yaani kuhangaika bure kwa mtu asiyekubali kwamba amekwisha kushindwa. Naona hao wako karibu nasi kuliko Wafaransa.

Basi mwingine akauliza, mbona lisikae tu na kungoja? Swali hili lilitukalisha macho hata taa zikazimwa. Jawabu nililolipata ni hili: mazimwi mawili yakikwisha mapigo na yote mawili yakikaa kungoja, vita havitakwisha milele, na mchezaji hana budi kuizima mashine. Waliotunga mchezo walihitaji mlango wa kutokea, nao wakauweka katika maumivu. (Lakini katika chapa zile za kwanza mlango wenyewe ulikuwa na ufa, maana mazimwi ya jamii ya mizimu hayakuguswa kabisa na pigo hili. Walirekebisha jambo hilo katika chapa za Dhahabu na Fedha, mwaka 1999.)

Nisingelishika neno langu kwa nguvu namna ile kama si mjomba wangu wa Muyinga. Yeye ni dereva wa Probox, gari la mtu mwingine, na njia yake ni Muyinga hata Gitega kwa kupitia Karuzi. Mwaka 2024 na 2025 mafuta yalikuwa adimu nchini kwetu, kwa kuwa fedha za kigeni za kuyanunulia zilipungua. Mjomba alilala katika foleni ya kituo usiku wa kwanza, wa pili, na wa tatu, akarudi na tangi tupu. Akaanza kununua ya vidumu kwa bei ambayo hata gari likijaa abiria mpaka mlango haufungiki, nauli haikurudisha fedha aliyotoa. Kwa hiyo kila safari ilimwacha maskini kuliko alivyoondoka, na mwenye gari alitaka hesabu yake kila wiki vilevile.

Likizo ya mwaka 2025 nalipanda gari hilo kurudi nyumbani. Tairi lilipasuka karibu na Karuzi, na la akiba alikwisha kuliuza. Mjomba aliwarudishia abiria nauli yao yote, si nusu, ingawa tulikuwa tumekwisha kwenda mwendo mrefu. Tukakaa kando ya njia, na huko nikathubutu kumwuliza.

"Mjomba, kwa nini usimrudishie mwenyewe gari lake, ukangoja mafuta yaje?"

Akacheka. "Nikingoja, mpwa wangu, watoto watakula nini? Na wewe je, utasoma kwa nini?"

Sikujua mpaka saa ile ya kuwa karo yangu ilitoka kwake. Nalidhani mama huilipa kwa maharage yetu.

Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 si mkoa tena bali imo katika mkoa wa Buhumuza, haikubadilika machoni pangu. Mlima ni ule, soko ni lile. Nyumbani kwa mjomba palikuwa na baiskeli iliyotundikwa ukutani tangu nilipokuwa mdogo, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nilipokwenda kumwamkia palibaki misumari miwili. Nikamwuliza mama, naye akaniambia nisipekue mambo ya watu wazima.

Siku ya kurudi shule, karo ya muhula mzima ilikuwa ndani ya bahasha, imehesabiwa. Mjomba alinisindikiza hata kituoni kwa miguu, sanduku langu kichwani mwake, akakataa nimpokee.