Ameacha mpira, lakini bado anasoma

Katika familia nyingi za Kivu zilizo na ndugu Marekani, habari ya kijana aliyeingia chuo kikuu kwa njia ya mpira inapokelewa kama habari ya harusi. Inazunguka kwenye WhatsApp kutoka Uvira hadi Goma, na hata waliolala chini ya hema wanaipata siku hiyo hiyo. Kisha, baada ya mwaka mmoja au miwili, inakuja habari ya pili: kijana amehama chuo, na huko alikohamia ameacha mpira. Hapo simu zinapungua. Wazee wanasema amechezea bahati. Mama yake, kama yuko hai, anaanza kujibu maswali ya watu sokoni.

Mpira unaozungumzwa hapa siyo ule wa TP Mazembe. Ni ule wa Wamarekani wenyewe, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao mchezaji anakimbia amekumbatia mpira na wenzake wanagongana kama fahali. Kwa miaka kadhaa Congo imekuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wakitoka kambi kama Nyarugusu, Nakivale na Kakuma, mpaka mpango ule uliposimamishwa Januari 2025. Watoto waliofika huko wadogo wamekulia katika shule zenye mchezo huo. Na siyo jambo geni kabisa: Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Canada, aliucheza katika chuo kikuu cha Michigan, na mwaka 1996 akachukuliwa na timu ya Carolina Panthers.

Lakini kati ya wachezaji wa vyuo vikuu wanaofikia kuchaguliwa, wanaoingia ligi ya kulipwa, NFL, hawafiki wawili kwa mia. Waliobaki wote wataacha mpira. Wengine wanaacha wakiwa na miaka 20, wengine 22, kwa goti, kwa kichwa kilichogongwa mara nyingi, kwa kocha aliyeleta mtu mwingine, au kwa kuchoka tu. Kwa hiyo kuacha mpira ndiyo hali ya kawaida ya mchezaji wa chuo. Kinachotofautiana ni kile anachotoka nacho mkononi.

Kuna mtu mmoja ambaye hadithi yake inasaidia kuelewa jambo hili. Troy Aikman alizaliwa mwaka 1966, mwaka ule ule aliozaliwa Dikembe Mutombo wetu. Alianza katika chuo kikuu cha Oklahoma, kwa kocha Barry Switzer. Oktoba 1985, katika mechi dhidi ya Miami, kifundo chake cha mguu kikavunjika. Kijana mdogo zaidi, Jamelle Holieway, akachukua nafasi yake, na timu ikamaliza mwaka huo ikiwa bingwa wa nchi nzima. Mtu akiwa amekaa na mguu kwenye plasta, akiwaangalia wenzake wanabeba kombe bila yeye, anajua kwamba nafasi yake imekwisha. Aikman akahama. Switzer mwenyewe alimsaidia kupata chuo kingine, UCLA, kule Los Angeles. Kwa sheria za wakati ule, aliyehama alikaa mwaka mzima bila kucheza, kwa hiyo mwaka 1986 Aikman alifanya mazoezi na kusoma tu.

Baadaye mambo yalimwendea vizuri kuliko wengi. Mwaka 1989 alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na NFL, akaenda Dallas Cowboys, akashinda Super Bowl mara tatu. (Ya tatu aliishinda chini ya yule yule Switzer, aliyekuja kuwa kocha wa Dallas. Dunia ya mpira ni ndogo.) Mwaka 2001 aliacha kucheza, kichwa na mgongo vimechoka.

Watu wengi wanaishia hapo wanaposimulia. Lakini Aikman aliondoka UCLA akiwa amebakisha masomo mawili. Mawili tu! Alikuwa tajiri, jina lake linajulikana kila mtaa wa Marekani, sauti yake inasikika kwenye televisheni akitangaza mechi, na bado hakuwa na diploma ya chuo. Mwaka 2009 alimaliza yale masomo mawili na kupata diploma yake ya sosholojia, akiwa na miaka 42. Ni miaka 20 tangu aingie kwenye mpira wa kulipwa. Mwenzake wa Dallas, Emmitt Smith, aliyemwahidi mama yake kwamba atamaliza, alirudi kumaliza katika chuo kikuu cha Florida mwaka 1996, akiwa bado anacheza. Cam Newton naye alipita vyuo vitatu, akaenda NFL, kisha mwaka 2015 akapokea diploma ya Auburn.

Hao walikuwa na pesa ya kujilipia. Kijana ambaye jamaa zake wako Kivu hana. Ndiyo maana ni lazima kufahamu namna mambo yanavyoendeshwa.

Anayechukuliwa na timu ya chuo anapewa ufadhili wa masomo, ile bourse: karo, chumba, chakula, vitabu. Thamani yake kwa mwaka inaweza kuzidi kile ambacho familia nzima ya hapa inapata kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu ufadhili huo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kocha angeweza kutouendeleza. Mwaka 2015 ligi tano kubwa zilikubaliana kwamba mchezaji hawezi tena kunyimwa kwa sababu tu amecheza vibaya. Aliyeumia na kushindwa kabisa kucheza anaweza kuendelea kusoma kwa ufadhili ule ule. Lakini anayeacha timu kwa hiari yake, chuo kina haki ya kumwondolea. Tofauti kati ya “nimeumia” na “nimeacha” inaweza kuwa makumi ya maelfu ya dola, na kijana wa miaka 19 anaweza kusema neno la pili kwa hasira mbele ya kocha bila kujua amesaini nini.

Kuhama nako kumebadilika sana. Tangu Oktoba 2018 kuna orodha ya kompyuta ambamo mchezaji anaandikisha jina lake ili vyuo vingine vimtafute. Mwaka 2021 waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa mwaka nje ya uwanja, na mwaka 2024 wakaruhusiwa kuhama mara nyingi, ilimradi masomo yao yako sawa. Kabla ya hapo, Julai 2021, walianza kulipwa kwa matangazo na jina lao. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Ni haki yao, maana miaka mingi makocha waliokuwa wakihama kila walipoitwa ndio walikuwa wanawakataza vijana kuhama. Lakini mlango ulio wazi unatoa watu kama unavyoingiza. Kijana akishaandika jina lake kwenye orodha ile, chuo chake cha zamani kinaweza kusimamisha ufadhili mwisho wa muhula. Wengine wanabaki hapo katikati, hawana cha kale wala kipya.

Na hata aliyepata chuo kipya anakutana na hesabu nyingine. Wanafunzi wetu wa mfumo wa LMD wanajua neno kredi: licence ni kredi 180. Marekani diploma ya kwanza ya chuo kikuu kwa kawaida ni kredi 120, na chuo anachohamia mwanafunzi ndicho kinachoamua ni ngapi kitazikubali kati ya zile alizokuja nazo. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2017, siyo juu ya wachezaji peke yao bali wanafunzi wote: waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani kredi 43 kwa kila 100. Vyuo vingi tena vinataka sehemu fulani ya masomo, mara nyingi kredi 30, isomwe kwao ndipo watoe diploma yenye jina lao.

Familia zilizokimbia Masisi au Rutshuru hazihitaji kufafanuliwa sana. Mtoto anafika shule mpya bila buletini, na mkuu wa shule anamrudisha darasa la nyuma. Akili anayo, ni karatasi tu ambayo haikufika. Amekwisha soma, lakini anasoma tena.

Kwa mchezaji kuna kamba nyingine shingoni. Ili aruhusiwe kucheza, sheria inataka awe amemaliza asilimia 40 ya diploma yake kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne, 80 kabla ya wa tano. Kredi zikikataliwa, asilimia zinashuka. Basi wapo wanaobadilisha somo, siyo kwa kulipenda, bali kwa sababu ndilo linalozikubali kredi zao. Aliyetaka kuwa mhandisi anajikuta kwenye kitu kingine, na hapo ndipo wengine wanapoona kwamba mpira umekuwa mwajiri mkali kuliko mwalimu, wanauacha ili wasome walichokuja kusoma. Huyo kusema amechezea bahati ni kutojua.

Wajanja wanapanga kinyume: wanamaliza diploma kwanza, ndipo wanahama. Russell Wilson, Jalen Hurts na Joe Burrow wote walihama na diploma ya chuo cha kwanza tayari iko mfukoni.

Hata hesabu za serikali ya Marekani zimewahi kuwaonea vijana hawa. Katika hesabu hiyo, aliyehama anaandikwa kwenye chuo cha kwanza kama mtu ambaye hakumaliza, hata kama alipata diploma mahali pengine. Shirika la michezo ya vyuo, NCAA, lilitengeneza hesabu yake ambayo haimtii hatiani aliyeondoka akiwa na pointi nzuri. Wazee wa hapa bado wanatumia ile ya kwanza.

Msikilizaji mwenye mtoto, mpwa au mjukuu huko anaweza kubadilisha maswali ya simu. “Uko timu gani sasa?” halimsaidii mtu aliyeacha; linamfanya adanganye au asipokee tena. Anaweza kuulizwa kredi ngapi zimekubaliwa, ngapi zimebaki, na nani analipa. Kama ameumia, ameandikiwa na daktari wa timu, na karatasi hiyo iko wapi? Kama ameacha, amezungumza na ofisi ya misaada ya masomo kabla ya kusaini kitu? NCAA ilianzisha msaada mwaka 1988 kwa wachezaji wa ngazi ya kwanza ambao muda wao wa ufadhili wa michezo umekwisha na wamebakiza kredi zisizozidi 30. Vyuo kadhaa navyo vina mipango yao ya kuwarudisha wachezaji wa zamani darasani. Aliyebakiza nyingi zaidi mara nyingi anaanzia chuo cha mtaa, cha bei nafuu, anasoma masomo mawili kwa muhula huku akifanya kazi ya usiku kwenye ghala. Inachukua miaka. Kwa wakati huo wote hakuna picha ya kutuma kwenye WhatsApp, hakuna jezi wala uwanja uliojaa, ila karatasi ya pointi inayotoka mara mbili kwa mwaka, ambayo nayo anaweza kuombwa aitume.