Kompyuta Kuukuu na Hesabu ya Kutosha

Mwenye fedha nyingi akitaka kompyuta ya kuchezea gemu huenda dukani akanunua, na habari yake huishia hapo. Mwenye fedha kidogo hana budi kuijua kwanza kompyuta aliyo nayo: ina nini, imepungukiwa nini, na kati ya mapungufu yake ni lipi linalostahili shilingi ya kwanza. Nimelifikiri sana jambo hili, maana liliwahi kuingia katika ukoo wetu na kuleta maneno.

Dada yangu anaishi Dar es Salaam na mwanawe, ambaye mwaka 2021 alikuwa na miaka 14. Kijana huyo alikuwa amezoea mabanda ya gemu, mahali ambapo vijana hulipia kila mchezo, na wengi hulipa kwa nauli na hela ya chakula cha shule. Alikuwa akirudi usiku. Mama yake aligomba hadi akachoka. Mimi nilikuwa na kompyuta ya mezani kuukuu, Dell OptiPlex 7010 ya toleo la mwaka 2012, katika zile zinazotolewa maofisini baada ya kutumika miaka mingi. Nikasema nitampa, na tutaiongezea nguvu kidogo kidogo, ili kama ni kucheza achezee nyumbani. Nilitenga shilingi 250,000.

"Kaka," dada aliniambia, "mabati ya jikoni yanavuja. Laki mbili na nusu unazipeleka kwenye gemu?"

Neno lake lilikuwa na uzito, na sikutafuta jibu la kumnyamazisha. Nilimwambia tu kwamba mtoto atacheza, tutake tusitake. Lililo mikononi mwetu ni wapi na akiwa na nani. Akafikiri, kisha akatoa sharti: hakitanunuliwa kitu chochote mpaka mwanawe amweleze yeye, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa nini kinahitajika.

Sharti hilo lilikuwa na hekima kuliko fedha zangu. Kompyuta ni kama barabara ya Morogoro. Hata ukijenga madaraja ya juu pale Ubungo, mvua ikijaza Jangwani magari yatasimama. Kila kompyuta ina Jangwani yake, yaani kiungo kimoja kinachovichelewesha vingine vyote, na anayenunua bila kukijua hujenga Ubungo kila mwaka.

Kijana alianza na yasiyo na gharama. Tulifungua boksi tukatoa vumbi la miaka. Ile dawa ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na chuma chake cha kupoozea, ilikuwa imekauka kama udongo. Tukaweka mpya ya shilingi 5,000. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo kuipooza ni kuirudishia nguvu yake. Kisha akapunguza ukubwa wa picha. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kinataka nukta 2,073,600 zichorwe kila mara. Ukishuka hadi 1280 kwa 720, ni nukta 921,600. Kazi imepungua kwa zaidi ya nusu, na hukutoa hata senti.

Prosesa yenyewe, Core i5-3470, hatukuigusa. Mafundi wengi hukimbilia hapo, lakini ina viini vinne na bado ina pumzi. Waundaji wa Grand Theft Auto V, mchezo uliofika kwenye kompyuta mwaka 2015, waliitaja prosesa hiyohiyo katika mapendekezo yao. Kwa umri wake kijana hakuruhusiwa kuugusa mchezo huo, lakini ushahidi ulimtosha.

Kasoro ya kwanza ilikuwa RAM. Kulikuwa na kipande kimoja cha GB 4. Katika kompyuta isiyo na kadi ya picha, kazi ya kuchora hufanywa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake na huazima RAM hiyohiyo. "Mama," kijana alieleza, "ni sufuria moja, na ndani yake tunapika wali na kuchemsha maji ya kuoga." Mama yake alicheka, akaruhusu. Tulinunua kipande cha pili cha GB 4, kilichotumika, kwa shilingi 25,000. Vipande viwili vikikaa katika nafasi zinazooana, prosesa huchota kwa njia mbili badala ya moja.

Ya pili ilikuwa diski. Ile ya zamani ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono wake unahangaika huku na huko kutafuta kilichohifadhiwa. Tuliweka SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, kwa shilingi 70,000. Diski haiongezi uzuri wa picha, bali inapunguza kusubiri, na nyumba nzima iliona tofauti, hata dada alipotaka kuandika barua.

Kadi ya picha ndiyo iliyotupa shida. Fundi mmoja Kariakoo alitaka kutuuzia kadi kubwa yenye feni mbili. Kijana alimuuliza inakula wati ngapi. Kisanduku cha umeme cha kompyuta yetu kilikuwa cha wati 275, bila waya wa ziada wa kulisha kadi, na tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 tu. Tulihitaji kadi inayoridhika na hizo, kama GTX 750 Ti ya mwaka 2014, inayotumia wati 60. Lakini mwaka 2021 kadi zilikuwa ghali duniani kote, kwa uhaba wa chipu na kwa wale waliozitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Tukaweka fedha tukasubiri. Bei zilianza kushuka mwaka 2022, na Septemba mwaka huo mtandao wa Ethereum uliacha kabisa uchimbaji wa namna hiyo. Kabla mwaka haujaisha tulipata kadi yetu, imetumika lakini nzima, kwa shilingi 140,000.

Jumla ikawa 240,000. Zile 10,000 zilizobaki dada alizichukua akanunulia umeme wa LUKU, akisema kompyuta nayo inakula.

Nisimdanganye msomaji kwamba kijana aliliacha banda siku hiyo. Rafiki zake wako kule, na PES 2017 ukiwa peke yako si sawa na kelele za watu kumi. Lakini alianza kurudi mapema, na mara nyingine rafiki hao walikuja nyumbani, ambako dada aliwajua kwa majina. Mabati yalinunuliwa mwaka 2023 kwa fedha nyingine. Dada hajawahi kuniambia kwamba nilikuwa na haki, nami sijamuuliza.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, na yetu ni ya tatu. Nilidhani sasa nitaombwa fedha. Badala yake kijana, mtu mzima wa miaka 18, alimketisha mama yake akamweleza habari za Linux: ni ya bure, na tangu 2018 kuna programu ya Valve iitwayo Proton inayowezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa humo. Kisha, bila kuulizwa, akataja watakachokosa: baadhi ya michezo ya mtandaoni hukataa, kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu.

Nilipomsikia akitaja hasara kabla ya faida, nilijua lile sharti la mama yake limemwingia. Kadi itakufa siku moja, na kompyuta itafuata. Lakini anayejua kuuliza kitu gani hasa kimepungua, na kama kilichopo kinatosha, atauliza vivyo hivyo siku atakaponunua mabati yake mwenyewe.