Barua za Chang'ombe Zilikataa Kuthibitika

Daktari akifungua barua pepe yenye saini ya kidijitali akakuta onyo jekundu kwamba saini ni batili, cha kwanza anachoomba ni ufunguo mpya. Mimi nahudumia mifumo ya wavuti hapa Dodoma, mmojawapo ukiwa wa maabara inayotuma majibu ya vipimo kwa madaktari wa mjini na wa wilayani, Kondoa na Mpwapwa. Ombi hilo huwa silikubali haraka. Ufunguo uliofanya kazi jana hauozi usiku mmoja. Mara nyingi kilichoguswa ni barua yenyewe, ikiwa njiani.

Chukua barua za Chang'ombe. Majibu ya wagonjwa wa Makole yalithibitika vizuri. Ya wagonjwa wa Chang'ombe na Ng'hong'onha yalikataliwa, ingawa yalitoka kwenye mfumo uleule, kwa ufunguo uleule, kwenda kwa daktari yuleyule. Ofisini utani ukaanza kwamba kata hizo zina mkosi. Nilihifadhi barua ghafi ilipotoka kwetu, nikaomba na ile iliyofika, nikazilinganisha baiti kwa baiti. Tofauti ilianzia kwenye ritifaa.

Karani alikuwa akinakili anwani za wagonjwa kutoka Word, na Word hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyonyooka ni baiti moja ya kawaida. Iliyopinda, kwa UTF-8, ni baiti tatu, zote nje ya herufi za msingi ambazo kila seva ya barua inazipokea. Mfumo wetu ulitia saini ikiwa hivyohivyo. Seva ya mbele, isiyopokea baiti za namna hiyo, ikaiandika upya barua kwa namna salama ya kusafirishia. Kwa jicho la daktari hakuna kilichobadilika. Kwa saini, hiyo ni barua nyingine kabisa. Kanuni ya OpenPGP kwa barua pepe, ya mwaka 2001, inataka maandishi yageuzwe kuwa herufi za msingi kabla ya kusainiwa, lakini maktaba ya programu tuliyotumia ilimwachia mwandishi wa mfumo kazi hiyo. Sasa mwili wa barua unafungwa kwanza kwa base64, ndipo saini inafuata. Karani anaendelea na Word yake.

Ulinganisho wa namna hiyohiyo ndio ulioonyesha kwamba mpokeaji mwingine ana seva inayobandika chini ya kila barua tangazo kwamba yaliyomo ni siri. Tangazo la usiri linabatilisha saini! Hapo hakuna programu ya kurekebisha. Unapiga simu kwa msimamizi wao na kumsihi azisamehe barua zenye saini.

Malalamiko mengine huja hivi: "Nikiendesha kwa mkono inakubali, kupitia tovuti inagoma." Hapo natazama ni nani anayeendesha programu. Ukiingia kwenye seva kwa jina lako, GnuPG, programu inayosaini na kusimba kwa OpenPGP, inasoma funguo zilizo kwenye folda yako. Tovuti inaendeshwa na mtumiaji mwingine, mwenye folda yake, na huko hakuna ufunguo hata mmoja. Ukishampa ufunguo, linafuata nenosiri: programu inataka kumuuliza mtu, na nyuma ya tovuti hakuna aliyekaa kujibu. Kumbukumbu za seva hulieleza hilo waziwazi, ila watu hawapendi kuzisoma.

Saa nayo ina vituko. Umeme ulikatika, seva ikaamka na tarehe ya zamani, fundi akairekebisha asubuhi kwa kuandika saa mbili kama anavyoisoma: 2:00. Ufunguo uliotengenezwa asubuhi hiyo kwenye kompyuta yenye saa sahihi ukaonekana umezaliwa saa sita zijazo, na GnuPG ikaukataa.

Yote hayo yanapiga kelele. Ninayoiogopa ni hitilafu ya kimya: mfumo unakosa ufunguo wa daktari, unashindwa kusimba, kisha unatuma majibu wazi ili kazi isilale. Niliifuta njia hiyo. Ufunguo ukikosekana, barua inabaki kwenye foleni na maabara inaarifiwa. Walalamike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majibu ya vipimo ni miongoni mwa taarifa nyeti kabisa za mtu.

Halafu kuna mstari wa mada. Kwa kawaida viwango vya kulinda barua pepe, S/MIME na OpenPGP, husimba mwili wa barua na viambatisho; mada hubaki wazi, kila seva njiani inaisoma. Nilikuta zimeandikwa "Majibu ya VVU" na jina la mgonjwa, huku ndani kila kitu kimefungwa barabara. Siku hizi mada ni namba ya sampuli tu. Madaktari wanasema inawachelewesha kutafuta barua, na ni kweli, kwa hiyo nawatengenezea ukurasa wa kutafuta kwa jina ndani ya mfumo wenyewe.