Upande wa Pili

"Mjomba, hii faili imekatika," mpwa wangu aliniambia, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaifuta. Anasoma hapa chuo kikuu cha SEKU, na simu yake ina nyimbo nyingi kuliko zilizowahi kuwamo katika soko zima la Kwa Vonza nilipokuwa kijana. Alichokifuta ni wimbo wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Haukuwa umekatika hata kidogo. Ulikuwa umefika mwisho wa upande wa kwanza.

Atajuaje, masikini? Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ilibeba dakika chache tu kwa kila upande, na benga ya Ukambani haina haraka. Basi wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili nyuma yake. Upande wa kwanza mwimbaji anamaliza kisa chake. Upande wa pili maneno yanapungua, magitaa yanaanza kukimbizana, besi inatembea, na hapo ndipo hata mama mkwe husimama. Anayesikiliza upande wa kwanza peke yake amekaa kwenye hotuba za harusi akaondoka kabla ya pilau.

Mtu aliyeziunganisha hizo pande mbili kwetu alikuwa na kiduka kando ya barabara ya Kitui, kikipakana na bucha. Nikisema ni 1985, kuna mzee atanibishia kuwa ni mwaka uliofuata. Kakai alikuwa hai, na alifariki 1987, kwa hiyo ni kabla ya hapo. Yaishe.

Tulimwita Fundi tu. Ukiingia ulipokelewa na harufu kabla ya salamu: spiriti aliyofutia kichwa cha redio kwa pamba, risasi ya kuchomelea waya, vumbi lililokaangika juu ya amplifaya, na chini ya yote hayo asidi ya betri ya gari iliyokaa chini ya meza, maana umeme haukuwa umefika kwake. Nikipita leo karibu na mtu anayechomelea simu, magoti yananikumbusha kile kibenchi chake kabla ya akili.

Ulimpelekea kaseti tupu na orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari. Kaseti ya dakika 60 aliipokea. Ya dakika 90 aliitazama kwa dharau na kuisukuma mezani kukurudishia: utepe wake ulikuwa mwembamba, akasema, utaliwa na redio ya kwanza utakayoikuta. Orodha nayo aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu. Ukimwandikia wimbo asioupenda, ungeukuta mwishoni mwa kaseti, umekatwa na utepe kuisha.

Lakini ngoja nieleze kazi yenyewe. Sehemu ya kwanza ilipokaribia kwisha, kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kusimamisha. Alisikiliza ngoma ya chini, ile inayopiga moja, mbili, tatu, nne bila kuchoka, akabonyeza kwenye nne. Akainua sindano, akageuza santuri, akaishusha, midomo ikihesabu. Kisha akakiachilia kitufe kwenye moja. Kwenye kaseti yako wimbo haukupumua. Ukiwa umbali wa mita mbili hungejua kuwa paliwahi kuwa na upande wa pili. Akikosea hata nusu ya pigo, alirudisha utepe na kuanza upya, foleni ya watu ikinung'unika mlangoni.

Na ikiwa redio yako nyumbani ilisikika nzito, ilete. Kando ya kichwa cha kusomea utepe pana skrubu ndogo. Fundi aliigusa kwa bisibisi, robo ya mzunguko, si zaidi, na magitaa ya juu yakafunguka ghafla. Hakutoza pesa kwa hilo. Wanamuziki, kwa upande wao, hawakuona senti ya kaseti zake zote, na hilo silipambi.

Tusidanganyane pia kuhusu sauti. Kaseti ilivuma, na nakala ya nakala ilivuma zaidi. Kwa usafi, simu ya mpwa wangu inamwacha Fundi mbali.

CD zilipita haraka. Vumbi letu lilizikwaruza kabla hatujazizoea. Zikaja simu: kwanza mulika mwizi, ambayo haikupiga muziki wowote, kisha zile zenye nafasi ya memori kadi. Vijana wenye kompyuta wakakuwekea nyimbo kwa shilingi chache. MP3 ya kilobiti 128 ni kama megabaiti moja kwa dakika, karibu sehemu moja ya kumi na moja ya kilicho kwenye CD, na bado wengine waliibana zaidi ili kadi ijae nyimbo. Matoazi yakalowa. Waya mnene wa gitaa la besi, unaotoa mitetemo kama 41 kwa sekunde, ukapotea kabisa kwenye vispika vya simu. Kuna rika zima Ukambani lililoijua benga bila besi. SEKU ikapata hati yake ya chuo kikuu 2013, hosteli zikaongezeka, wufa zikaja nazo, na sasa besi imepandishwa hadi inameza gitaa la kati. Programu ya muziki ya Boomplay ikaja ndani ya simu za Tecno. Hayo yote mnayajua.

Kinachonikera ni kwamba programu hizi zina kila kitufe isipokuwa akili ya Fundi. Kuna cha kuondoa pengo kati ya nyimbo, lakini hakijui faili ipi ni ndugu ya ipi. Kuna cha kuzichanganya, kinachokupa sehemu ya pili Jumanne na ya kwanza usiipate kamwe. Katika ile anayotumia mpwa wangu bila kulipia, kati ya sehemu mbili za wimbo huingia tangazo la mkopo.

Tena nyimbo nyingi za zamani zilinakiliwa kutoka kaseti zilizorekodiwa kwa mashine yenye betri dhaifu. Mashine iliyojikokota wakati wa kurekodi hutoa kaseti inayokimbia kwenye mashine nzima, kwa hiyo waimbaji wetu sasa wanaimba upesi na kwa sauti nyembamba isiyo yao. Nilifurahi nilipoona kitufe cha mwendo. Nikapunguza kidogo. Wimbo ukapungua kasi, sauti ikabaki nyembamba vilevile, kwa sababu programu imetengenezwa kwa makusudi izitenganishe hizo mbili, ili anayesikiliza mahubiri kwa haraka asimsikie mhubiri akilia kama kifaranga. Kwenye utepe zilipanda pamoja. Nataka zishuke pamoja. Mpwa wangu anasema kitufe hicho kipo, lakini ni cha kulipia.