Migori Hadi Homa Bay: Afya Huanzia Tumboni

Atokaye Migori kwenda Homa Bay hupita Awendo penye miwa, kisha Rongo, ndipo akakata kushoto kuteremkia ziwani. Lakini kabla ya kushika njia hiyo, inafaa kwanza kuzuru Macalder, kule Nyatike.

Hapa dhahabu ilianza kuchimbwa enzi za ukoloni. Siku hizi ni kazi ya wachimbaji wadogo, na akina mama ni wengi miongoni mwao. Mawe husagwa, unga ukaoshwa, na chembe za dhahabu zikanaswa kwa zebaki. Kisha zebaki huchomwa juu ya makaa, ikapaa kama mvuke. Mama mjamzito akiuvuta, sumu humfikia mtoto tumboni na kuudhuru ubongo unaoumbika. Mtoto hajaona jua, tayari analipia pete ya mtu asiyemjua.

Wataalamu husema siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi miaka 2, ndizo nzito kupita zote. Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walipopimwa utu uzimani, sukari mwilini iliwasumbua kuliko wenzao. Njaa yenyewe ilikwisha kwa miezi tu, mwili haukuisahau.

Homa Bay, adui ni mbu. Malaria ya mama hujificha katika kondo, ikamnyima mtoto chakula, naye huzaliwa mwepesi. Ndiyo maana kliniki huwapa wajawazito dawa za kinga na chandarua. Septemba 2019, Kenya ilizindulia chanjo ya malaria ya watoto katika kaunti hii hii, huko Ndhiwa. Chanjo hupunguza ugonjwa, haiumalizi. Usikitupe chandarua, mama.

Kwa nchi nzima kudumaa kumepungua, kutoka watoto 26 katika kila 100 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Si haba, ingawa hao 18 nao wana mama.

Ufuoni, omena wameanikwa juu ya nyavu. Huliwa mzima na mifupa yake, basi humpa mtoto protini na madini ya kujenga mifupa. Akishatimiza miezi 6, omena mkavu aliyeoshwa mchanga, akakaangwa na kusagwa, hukorogwa katika uji wake. Ajabu ni kwamba magunia mengi ya omena hupakiwa kwenye malori yaendayo viwanda vya chakula cha kuku.